Mikataba ya Biashara Haina Sura: Tuifanyeje Ionekane?

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi kidogo cha wanaharakati, wengi wetu vijana, tunaopigania haki katika biashara ya kimataifa. Tumeandamana na bango letu la "Biashara ya haki sasa", tumekusanya saini, tumeandika sana mitandaoni. Watu wanasimama, wanapiga picha, wanaondoka. Mikataba yenyewe ni mirefu na inachosha, hata baadhi yetu hatujaimaliza. Tufanye nini kipya kitakachowagusa watu, ukizingatia kwamba hela hatuna? Na je, kuhimiza watu wasusie bidhaa fulani kunasaidia kweli?

Jibu: Marahaba. Kabla ya ubunifu, naomba nianze na bango lenu. "Biashara ya haki sasa" ni dai ambalo hakuna waziri wala mkurugenzi anayeweza kulitia saini, hata akitaka. Biashara ya kimataifa inaendeshwa kwa vifungu: kiwango cha ushuru wa forodha, ruzuku anayopewa mkulima wa nchi tajiri, muda wa hataza ya dawa (haki ya aliyeivumbua kuitengeneza na kuiuza peke yake), ibara inayoiruhusu kampuni kuishtaki serikali mbele ya wasuluhishi. Kila kifungu kina mtu au kikao kinachoweza kukibadilisha, na kila kikao kina tarehe yake. Msipovijua hivyo viwili, hata mkija na ngoma na vinyago, itakuwa sherehe nzuri na watu watapiga picha waondoke kama ulivyosema. Kwa hiyo chagueni kifungu kimoja. Kimoja tu, na kiwe kile ambacho kila mmoja wenu anaweza kukieleza bila kutazama karatasi.

Chukua mfano wa ushuru unaopanda kadiri bidhaa inavyosindikwa. Kwenye jedwali la ushuru la Umoja wa Ulaya, kahawa mbichi inaingia bila kutozwa kitu. Ikishakaangwa, kiwango cha kawaida ni asilimia 7.5. Kakao ni hivyohivyo: ghafi haitozwi, lakini ikishageuzwa kuwa unga kiwango cha kawaida ni asilimia 8. Zipo nchi zilizosamehewa kwa mikataba ya upendeleo, na hilo lazima mlitaje wenyewe msije mkaumbuliwa hadharani na mtu aliyesoma zaidi yenu. Hata hivyo mpangilio uko wazi: anayeuza kilichotoka shambani anapita, na anayejaribu kujenga kiwanda ndiye anayesimamishwa mlangoni. Tatizo ni kwamba mtu akipewa maelezo haya kwenye kipeperushi, ataishia sentensi ya pili.

Sasa yageuzeni mchezo wa njiani. Nendeni mbele ya ofisi inayohusika, mkiwa na kibali kama kinatakiwa, mweke meza na mfunge kamba kukatiza njia ya waenda kwa miguu. Mmoja wenu avae kofia ya afisa wa forodha. Waombeni wapita njia wawili wawasaidie kubeba mizigo: mmoja apewe kifuko cha kahawa mbichi, mwingine pakiti ya kahawa iliyokaangwa, kusagwa na kufungwa vizuri. Mwenye kifuko anafunguliwa kamba na kukaribishwa kwa heshima zote. Mwenye pakiti anazuiwa, anaulizwa karatasi, anakadiriwa ushuru, anapewa risiti. Hiyo risiti ndiyo kipeperushi chenu. Upande mmoja una kiwango cha ushuru na bidhaa yenyewe. Upande wa pili una jina la ofisi yenye uwezo wa kukibadilisha, tarehe ya kikao kijacho na ombi lenu kwa sentensi moja. Aliyezuiwa atauliza, "Kwa nini mimi?" Hapo ndipo maelezo yenu yanapoanza, kwa sababu sasa ameyaomba mwenyewe. Ushauri mmoja wa jukwaani: afisa wenu asiwe mkali. Awe mpole, mwenye kusikitika, anayerudia kwamba yeye hana la kufanya, ndivyo sheria ilivyo. Inachekesha zaidi, na inafanana zaidi na ukweli.

Kwa hadhira iliyokaa, kama shuleni au kwenye nyumba za ibada, kuna mchezo wa kibiashara ambao shirika la Christian Aid limeutumia kwa miaka mingi kufundishia. Makundi yanapewa vifaa visivyolingana: moja lina mkasi, rula, bikari na penseli lakini karatasi haba, lingine lina karatasi tele bila kifaa chochote. Kila kundi linatakiwa kukata maumbo na kuyauza "benki", na katikati ya mchezo bei ya umbo fulani inaporomoshwa ghafla bila maelezo. Haichukui muda watu wanaanza kugombana, kufanya mapatano ya siri na kuiba mikasi. Acheni muda wa kutosha wa kuzungumza baadaye, maana hapo ndipo somo lilipo.

Wakati mwingine kizuizi ni usiri wenyewe. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya na Marekani walikuwa wakijadiliana mkataba wa biashara kati yao, TTIP. Wabunge wa Ujerumani walikuwa wametengewa chumba wizarani mjini Berlin, ambamo waliweza kusoma rasimu kwa saa chache chini ya uangalizi, bila simu wala ruhusa ya kunakili. Mwezi Mei, shirika la mazingira la Greenpeace Uholanzi likapata kurasa 248 za rasimu hizo. Wangeweza kuishia kuziweka mtandaoni na kuwatumia wanahabari taarifa. Waliziweka, lakini pia walijenga mbele ya Lango la Brandenburg mjini humo chumba cha kusomea chenye kuta zinazoonyesha ndani, wakakaribisha yeyote anayetaka kusoma. Aliyepita pale aliwaona raia wa kawaida wameketi wanasoma kile ambacho mbunge wao alikatazwa kunakili. Sidhani kama wengi walizimaliza kurasa zote 248, na haikuwa lazima. Chumba hicho hakikuuangusha mkataba peke yake. Kabla yake kulikuwa na saini zaidi ya milioni 3 zilizokusanywa Ulaya nzima na maandamano makubwa ya Berlin ya Oktoba 2015, na baada yake ukaja uchaguzi wa Marekani, mazungumzo yakasimama. Lakini kiliwapa watu picha ya malalamiko yao, kitu ambacho saini milioni 3 hazikuweza kukitoa.

Ninyi hamna kurasa zilizovuja, na siwashauri mzitafute bila wakili. Mnaweza kuandaa usomaji wa hadhara wa mkataba ambao hamjaruhusiwa kuuona. Msomaji anapanda jukwaani kwa sauti ya taarifa ya habari, anasoma, "Ibara ya kwanza," kisha ananyamaza kwa muda ambao ibara ingechukua. Anafunua ukurasa. "Ibara ya pili." Waalikeni wabunge wakae mstari wa mbele. Au nendeni mahakamani, ambako ubunifu unaonekana mdogo lakini una meno: wakulima wadogo wa Kenya walifungua kesi mwaka 2007 wakipinga namna makubaliano ya kibiashara na Umoja wa Ulaya yalivyokuwa yakijadiliwa bila wao, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaiamuru serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha.

Kampeni ninayoirejea kuliko zote ninapofundisha ni ya Treatment Action Campaign, kikundi cha kudai dawa za UKIMWI cha Afrika Kusini. Kwenye makaratasi lilikuwa suala kavu kabisa: hataza za dawa na mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaolinda haki za wavumbuzi. Mwaka 2000 Zackie Achmat, mmoja wa waanzilishi wake, alikwenda Thailand akanunua maelfu ya vidonge vya flukonazoli vilivyotengenezwa huko. Hiyo ni dawa ya maambukizi ya kuvu yaliyokuwa yakiwaua wagonjwa wengi wa UKIMWI, na hataza yake nchini Afrika Kusini ilikuwa mikononi mwa Pfizer, iliyoiuza kwa bei ya juu mara nyingi zaidi. Achmat aliviingiza nchini hadharani, akataka kila mtu ajue. Kuanzia hapo mjadala wa hataza ukawa na umbo la kidonge kinachoshikika, chenye bei mbili. Fulana zao ziliandikwa kwa herufi kubwa kifuani kwamba aliyevaa ana virusi vya UKIMWI. Walizivaa wenye virusi na wasio navyo, usiweze kujua nani ni nani, na mwaka 2002 Nelson Mandela naye akaivaa. Wakati huohuo kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali kwa sheria iliyolenga kupunguza bei za dawa. Kesi ilipoanza kusikilizwa Machi 2001 kelele zilikuwa zimeenea dunia nzima, na Aprili kampuni zikaiondoa. Novemba mwaka huo, mjini Doha, wanachama wa Shirika la Biashara Duniani wakatoa tamko kwamba mkataba wa TRIPS hauzizuii nchi kulinda afya za watu wao.

Tazama walivyojipanga. Kuvunja sheria kwao hakukuwa hasira ya siku moja. Walikuwa na mawakili, madaktari walio tayari kuiandika dawa ile, na wanachama ambao maisha yao yenyewe yalitegemea matokeo. Anayewaiga kwa kubeba kitu cha magendo tu, bila hayo yote nyuma yake, ataishia rumande na kampeni itaishia kumtafutia dhamana.

Kameruni kulikuwa na mbinu nyingine, ambayo naipenda kwa sababu ilianza na kazi ya kuchosha. Kuku wa kugandishwa kutoka nje, wengi wao wa Ulaya, walikuwa wameongezeka kutoka chini ya tani 1,000 mwaka 1996 hadi zaidi ya tani 22,000 mwaka 2003, na wafugaji wadogo walikuwa wanafunga mabanda. Chama cha raia cha ACDIC, kilichoongozwa na Bernard Njonga, kingeweza kuilalamikia Ulaya kwa ruzuku na bei. Badala yake kilichukua sampuli za nyama sokoni, kikazipeleka maabara, na majibu yakaonyesha kwamba sehemu kubwa haikufaa kuliwa. Nyama iliyosafiri imeganda ilikuwa ikiyeyuka na kukaa kwenye joto kabla ya kumfikia mnunuzi. Kampeni ikaitwa ya kuku wa mauti. Mlaji wa mjini, ambaye hadi hapo alifurahia bei nafuu, akajikuta upande mmoja na mfugaji, na ndani ya miaka michache serikali ikawa imebana uagizaji. Bila vipimo vya maabara, jina hilo lingekuwa uchochezi.

Takwimu nazo hutegemea umezikata vipi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaharakati walizichukua ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa sekta ya maziwa, mabilioni yasiyoingia akilini, wakazigawanya kwa idadi ya ng'ombe. Ikatoka zaidi ya dola 2 kwa kila ng'ombe kwa siku, wakati karibu nusu ya watu duniani waliishi kwa chini ya kiasi hicho. Wachumi walilalamika kwamba hesabu hiyo inarahisisha mambo, na walikuwa na haki. Hata hivyo kwa miaka kadhaa ng'ombe yule alitajwa kwenye hotuba za mawaziri wa fedha.

Sasa kususia bidhaa. Kunasaidia, lakini jibu linategemea nani ameomba. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa muswada wa kukomesha biashara ya watumwa. Kwa kujibu, watu wakaacha sukari ya visiwa vya Karibi iliyozalishwa na watumwa. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi akikusanya ushahidi, alikadiria waliosusia kuwa 300,000. Wanawake hawakuwa na kura, lakini bakuli la sukari lilikuwa mikononi mwao, na baadaye yakauzwa mabakuli yenye maandishi kwamba sukari iliyomo haikutengenezwa na watumwa. Kila mgeni aliyekaribishwa chai alikutana na hoja mezani. Biashara yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 1807, baada ya miaka mingi ya shinikizo la aina nyingi. Sukari ilikuwa njia ya kuwaweka watu kwenye mapambano kila siku wakati Bunge limelala.

Mfano wa pili ni mchungu. Mwaka 1992 na 1993 Bunge la Marekani lilijadili muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Haukupita, lakini wenye viwanda vya nguo vya Bangladesh waliogopa wakawafukuza watoto mapema. UNICEF ilieleza mwaka 1997 kwamba waliofukuzwa walikadiriwa kufika 50,000, na kwamba baadhi walikutwa baadaye kwenye kazi za hatari zaidi, zikiwemo kuponda mawe na ukahaba. Nia ilikuwa njema na hakuna aliyewauliza wenyewe. Linganisha na kilichofuata baada ya jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza, nchini humo, kuporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Vyama vya wafanyakazi vilidai makubaliano ya usalama yenye nguvu ya kisheria kati yao na kampuni zinazonunua nguo, yakasainiwa ndani ya wiki chache. Wanaharakati wa nchi za wanunuzi wakayaunga mkono kwa kuvaa nguo ndani nje, lebo ikionekana shingoni, wakijipiga picha na kuiuliza kampuni ni nani aliyeishona. Haigharimu hata senti. Basi kabla ya kutangaza mgomo wa wanunuzi, tafuteni chama cha wazalishaji wenyewe mwaulize wanataka nini. Wakisema "msisusie, dai letu ni hili hapa," bebeni hilo.

Ethiopia ilifanya hivyo. Serikali yake iliomba majina ya kahawa za Sidamo, Harar na Yirgacheffe yasajiliwe kama alama za biashara, na chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kikapinga. Shinikizo likaelekezwa kwa Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani. Shirika la misaada la Oxfam na wenzake hawakumwambia mnywaji aache kahawa; walimwomba aiambie kampuni itie saini makubaliano ya kuyatambua majina hayo. Makumi ya maelfu ya watu waliandika na kupiga simu, na Juni 2007 makubaliano yalifikiwa. Dai lilikuwa dogo kiasi cha kuingia kwenye kadi ya posta.

Kuhusu dhihaka, sina mengi. Kikundi cha The Yes Men kilitengeneza tovuti inayofanana na ya Shirika la Biashara Duniani, kikaalikwa kwenye mikutano na watu wasiojua, na mwaka 2002 huko Sydney kikawatangazia wahasibu kwamba shirika limeamua kujivunja ili lianze upya kwa ajili ya maskini. Kuna taarifa kwamba hadhira ilipendezwa na wazo hilo. Ni kichekesho cha hali ya juu, lakini kujifanya ofisa wa taasisi ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na kwa kikundi kisichojulikana hugeuka kirahisi kuwa habari ya "matapeli". Salama zaidi ni kuitumia kampuni maneno yake yenyewe. Mwaka 2001 Jonah Peretti, akiwa mwanafunzi, aliagiza Nike viatu vya kuandikwa neno la mteja, akachagua neno la kuvitaja viwanda vinavyonyonya wafanyakazi. Kampuni ilikataa kwa visingizio vya adabu, akaendelea kuijibu kwa adabu hiyohiyo, na barua pepe zile zikazunguka dunia.

Kuna jambo moja linaloniudhi katika kampeni nyingi za aina hii: mkulima anakuwa picha ya nyuma na msanii anakuwa uso. Oxfam iliwahi kuwapiga picha wasanii mashuhuri wakiwa wamemwagiwa chokoleti au nafaka, kuonyesha namna masoko ya nchi maskini yanavyofurikwa na bidhaa za bei ya kutupa. Zilivutia, siwezi kukataa. Lakini kilichobadilisha hali ya mtaani kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani wa Hong Kong, Desemba 2005, ni wakulima wa Korea Kusini wenyewe. Wenyeji walikuwa wameambiwa wategemee fujo. Wakawaona watu wazima wakitembea hatua tatu, wanapiga magoti na kusujudu hadi paji la uso linagusa lami, wanainuka, hatua tatu tena, barabara nzima. Watu wakaanza kuwashangilia na kuwapa maji. Siku chache baadaye kulitokea mapambano na polisi na mamia wakakamatwa, na magazeti yakahamia huko. Kilio kile cha hatua tatu hakikuhitaji mkalimani, na hakikuazimwa kwa mshauri wa matangazo. Ni ibada waliyoijua kwao. Tafuteni cha kwenu.

Kwenye mkutano huohuo nchi zilikubaliana kwamba ruzuku za kuuza mazao nje zikome mwaka 2013. Hazikukoma. Uamuzi wa kuzifuta ulikuja Nairobi, Desemba 2015. Nayataja haya ili msipime tendo lenu kwa wiki mbili. Kama mnahitaji ushindi wa karibu wa kuwatia moyo, na vikundi vidogo huuhitaji sana, tazameni Garstang, mji mdogo wa Uingereza. Mwaka 2000 wanaharakati wake waliwaalika viongozi wa mji, shule, makanisa na biashara kwenye chakula kilichochanganya mazao ya wakulima wa pale na bidhaa zenye nembo ya Fairtrade, yaani zilizothibitishwa kuwa za biashara ya haki, kisha mkutano wa hadhara ukapiga kura kuutangaza kuwa mji wa biashara ya haki. Leo miji ya namna hiyo imepita 2,000 duniani. Nembo haigusi ruzuku wala jedwali la ushuru, na nisingetaka mwishie hapo. Ila halmashauri inayonunua chai na kahawa ya vikao vyake ni mnunuzi ambaye mlango wake mnaweza kuugonga kesho.

Gawanyeni kazi hivi: nusu ya muda itumike kabla ya tukio, kusoma kifungu, kuwatafuta wazalishaji na kumjua mtu mwenye uamuzi, robo itumike kwa tukio, robo iliyobaki ni kwa siku zinazofuata. Tukio likishapita, kuna mtu anatakiwa kupiga simu ofisini asubuhi yake, kuuliza barua imefika kwa nani, kuomba miadi, kupiga tena wiki ijayo, na kuwaandikia waliochukua risiti zenu kuwaeleza kilichojibiwa. Mtu huyo mteueni kabla hamjanunua rangi za mabango.